Kibarua cha kalamu: Mtunzi wa Mvita amekula nini tangu enzi za Muyaka?

Neno “kibarua” lina historia ambayo wengi wetu tumeisahau. Kwa asili ni barua ndogo, yaani kikaratasi. Kamusi za kale za Kiswahili zinaeleza kwamba mtu aliyekodiwa kufanya kazi ya siku moja alipewa kikaratasi kuwa ushahidi kwamba kazi ameifanya. Alipokwenda kudai ujira, alikionyesha. Asiyekuwa nacho angepiga kelele hadi koo limkauke, lakini hakuwa na cha kumthibitishia mlipaji. Hatimaye jina la karatasi likahamia kwenye kazi yenyewe, kisha likamwangukia mfanyakazi. Ndiyo maana leo twasema “natafuta kibarua” na pia “yule ni kibarua”, na hakuna anayekumbuka karatasi.

Nimeanza na neno hili kwa sababu siku hizi kuna jeshi la vijana, hapa Mji wa Kale na kote nchini, wanaoishi kwa kuandika bila kuajiriwa na mtu. Twawaita “waandishi wa kujitegemea”. Jina ni tamu, ila kitenzi chake kinatuhadaa kidogo. Kujitegemea ni kujiegemea mwenyewe, na ukipekua historia ya kalamu katika kisiwa hiki ni shida kumpata mtu aliyeegemea kalamu peke yake akasimama. Kila zama mwandishi amelishwa na mkono fulani: wa mtawala, wa msomi mgeni, wa mwenye harusi, wa mchapishaji. Swali la maana lilikuwa, na bado ni hili: kazi ikishakwisha na chakula kikishaliwa, karatasi inabaki kwa nani, na ina jina la nani?

Tuanze na babu wa malenga wa Mvita, Muyaka bin Haji. Alizaliwa yapata mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840. Kwa hivyo aliishi enzi ambapo Mazrui waliitawala Mombasa, na akaishi pia kuwaona wakiangushwa na Seyyid Said mwaka 1837. Mashairi yake yaliitetea Mvita, yakawakejeli mahasimu wake wa Lamu na Unguja, na yakawapa watawala sauti iliyofika barazani na sokoni. Leo tungemwita msemaji wa serikali. Lakini Muyaka hakuwa mwajiriwa wa ngome. Anatajwa kuwa mfanyabiashara, mtu aliyezijua fedha zikija na akazijua zikiondoka. Ukaribu na wakubwa ulimpa heshima na bila shaka ulimpa fadhila, ila biashara ndiyo iliyokuwa kazi. Ushairi ulikuwa cheo.

Sasa tazama yaliyozipata kazi zake. Muyaka hakuacha diwani. Beti zake zilikaa vifuani mwa watu. Nusu karne hivi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa hapa hapa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya na kuziandika kwa hati ya Kiarabu. Alishirikiana na mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyezinukuu kwa hati ya Kirumi na kuongeza maelezo. Karatasi za Taylor hatimaye zikafika London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. William Hichens akazihariri, na Diwani ya Muyaka ikachapishwa na Witwatersrand University Press, Johannesburg, mwaka 1940. Hesabu mwenyewe, msomaji wangu: ni miaka 100 kamili tangu malenga azikwe. Mvita ilitunga, London ikahifadhi, Johannesburg ikachapisha. Siwalaumu waliohifadhi. Bila wao tungekuwa na vipande viwili vitatu tu. Nataja safari hiyo ili tuone jinsi kazi inavyoweza kwenda mbali na mlango wa mwenyewe ikiwa hakuna karatasi iliyobaki nyumbani.

Wazee wetu hawakuwa wajinga katika jambo hili. Watunzi wa tenzi walikuwa na desturi ambayo naiona kuwa hakimiliki ya kwanza ya Waswahili: walitaja majina yao ndani ya kazi, aghalabu karibu na mwisho, pamoja na tarehe. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, hakuishia kwenye wasia. Alilitaja jina lake, akataja Pate alikozaliwa, na akaweka mwaka wa Hijria, 1275. Mnukuzi angeweza kuinakili kazi hiyo mara 50 asimlipe mtu hata pesa moja, lakini kulitoa jina kungehitaji kubomoa beti nzima, vina na mizani vikaenda mrama. Jina lilifungwa ndani ya nyumba, halikubandikwa mlangoni.

Aliyefanana zaidi na mwandishi wa kujitegemea wa leo hakuwa wa Mvita, alikuwa jirani yetu wa Lamu. Muhamadi Kijuma aliishi takriban kuanzia mwaka 1855 hadi 1945. Alikuwa mshairi, mchoraji wa nakshi za mbao, mwandishi wa khati, mjuzi wa muziki na ngoma, na mnukuzi wa miswada. Walipokuja wasomi wa Kizungu kutafuta tenzi za kale, Alice Werner kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha Hichens na Ernst Dammann katika miaka ya 1930, Kijuma ndiye aliyeshika kalamu. Aliwanakilia tenzi kwa hati nzuri na wino wa rangi, na akalipwa kwa kazi hiyo. Aliwasiliana na Hichens kwa barua zilizovuka bahari, na habari za kazi na malipo zilikuwa sehemu ya mawasiliano hayo. Mteja yuko Ulaya, mwandishi yuko pwani ya Afrika Mashariki, kazi inatumwa, malipo yanasubiriwa. Haya mnayoyaita mambo ya mtandao si mageni kama mnavyodhani!

Kijuma alipata riziki, tena alikuwa na tabia ya kuweka jina lake mwishoni mwa nakala alizoandika. Ndiyo sababu leo twaweza kusema bila wasiwasi kwamba mswada huu ni wake na ule si wake. Hata hivyo, kama Muyaka, hakula kwa kalamu tu. Patasi ya nakshi ilisaidiana na kalamu.

Turudi Mombasa. Mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Sahifa, na mwaka 1932 akalifuatisha kwa gazeti la Al-Islah, lililokuwa na Kiswahili na Kiarabu. Makala yake yaliwachachafya watu wa Mombasa kuhusu elimu, uvivu, israfu za harusi na kuiga bila kufikiri. Baadhi ya yale ya Sahifa yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944. Magazeti yale hayakuwa ya kutafuta faida. Sheikh alikuwa mwalimu na kadhi, na kuanzia mwaka 1937 hadi kifo chake mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ukadhi ulimlisha, kalamu ikawa sadaka. Kuna uhuru mkubwa katika kuandika hivyo, kwani asiyekula kwako huwezi kumnyamazisha kwa kumnyima chakula. Lakini ni uhuru wa mwenye riziki nyingine. Kijana asiye na ukadhi hawezi kuambiwa aandike kwa ajili ya thawabu peke yake.

Mkono uliofuata ulikuwa wa harusi na santuri. Hapa pana neno jingine la kulitazama. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa huinuka na kumpa mwimbaji noti. Huko ndiko kutuza, na wengine hutamka kutunza. Kutokana na kutuza tumepata “tuzo”, neno ambalo leo limevaa suti na kupanda jukwaani. Kutunza nako kuna maana mbili: kumzawadia aliyekuburudisha, na kukihifadhi kitu kisiharibike. Wanafunzi wangu hudhani “mtunzi” ametoka huko. La hasha. Mtunzi katoka kwa kutunga, kama mjenzi alivyotoka kwa kujenga. Anayetunza ni mtunzaji. Mtunzi wa taarabu wa Mvita hakukosa wasikilizaji. Alichokikosa ni mtunzaji.

Chukua mfano wa Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014. Sauti yake imejaza harusi za pwani nzima. Nyingi katika nyimbo zake zilitungwa na washairi wengine, akiwemo binamu yake, Ustadh Ahmad Nassir, na pia Abdilatif Abdalla. Msikilizaji wa kawaida ukimuuliza wimbo ni wa nani, atakwambia ni wa Bhalo. Santuri zikaja, zikafuatwa na kaseti, na kaseti zikaja na maradhi yake: mtu mmoja ananunua, mtaa mzima unanakili. Mwimbaji angalau alituzwa usiku ule wa harusi. Mtunzi aliyekuwa nyumbani Kibokoni noti ile haikumfikia ila kwa hisani ya aliyeipokea.

Ahmad Nassir mwenyewe alipata alichokikosa Muyaka. Diwani yake, Malenga wa Mvita, ilitolewa na Oxford University Press mwaka 1971 akiwa hai, ikiwa imehaririwa na Mwalimu Shihabuddin Chiraghdin, mwana wa Mombasa vilevile. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, kampuni hiyo hiyo ilitoa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyaandika kwenye karatasi za msalani akiwa kifungoni kuanzia 1969 hadi 1972. Kosa lake lilikuwa kuandika kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? mwaka 1968. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Vitabu hivyo viwili vimefundishwa kwa miongo. Je, waandishi wake waliishi kwa vitabu? Ahmad Nassir alikuwa tabibu, akiwapa watu dawa. Abdilatif alikuwa mhasibu msaidizi katika baraza la manispaa ya Mombasa kabla ya kufungwa. Alipotoka alifanya kazi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, kisha BBC London, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Ikiwa mabingwa hawa walihitaji kazi ya pili, kijana asione haya kuwa nayo.

Hesabu ya kitabu ni rahisi. Mrabaha unaotolewa kwa kawaida nchini ni kama asilimia 10. Chukulia kitabu kinauzwa Sh500: fungu la mwandishi ni Sh50. Kikiuzwa nakala 1,000, na kwa riwaya au diwani isiyokuwa kitabu cha shule si haba, mwandishi anapata Sh50,000 kwa kazi iliyomla miaka miwili. Tangu mwaka 2013 vitabu pia vinatozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16, jambo linalopandisha bei na kumfukuza mnunuzi. Mnusuru mmoja ni tuzo. Ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa kwa jina la Mabati-Cornell mwaka 2014 ilitenga jumla ya dola 15,000 za Marekani. Lakini tuzo ni kama mvua ya jangwani, huwezi kuilimia.

Ipo hata kazi ya lugha isiyolipwa kabisa. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kuishi kwa miaka mingi Mombasa hadi kufariki mwaka 2017, alibuni maneno mengi ya Kiswahili. Moja ni “runinga”. Kila jioni watangazaji wa Kenya wanalitamka bila kulipa senti, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani neno halina hati ya kumiliki. Ila Nabhany pia aliwafungulia hazina yake watafiti wengi wa vyuo vikuu, wa ndani na wa nje, na baadhi yao walijenga vyeo juu ya maelezo yake. Wapo waliomtaja jina kwa adabu, na kwa hao twafahamu mchango wake.

Haya basi, tufike leo. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, kijana wa Mji wa Kale, aliniambia kwamba kwa miaka minne ameandika zaidi kuliko nilivyoandika mimi maishani. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Huandika maelezo ya bidhaa, makala ya tovuti za watalii, hotuba za watu, na kwa muda mrefu aliandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani waliozitia majina yao na kuhitimu. Analipwa kwa dola, zinageuzwa shilingi, zinaingia kwenye M-Pesa yake akiwa hapo hapo Mkanyageni. Kodi ya nyumba imelipwa, mama amepelekwa hospitali. Lakini nilipomuuliza anionyeshe alichoandika, hakuwa na hata ukurasa mmoja wenye jina lake. Kisha, tangu programu za akili unde kama ChatGPT zilipotokea mwishoni mwa mwaka 2022, kazi zimempungukia. Mteja hakumjua yeye, alizijua herufi zake tu, na sasa amepata mashine inayotoa herufi kwa bei nafuu.

Biashara ya kuwaandikia wanafunzi insha ni udanganyifu, na kama mwalimu siwezi kuipamba. Ila tuone pia upande wa kijana. Ameuza kazi, na pamoja na kazi ameuza jina. Muyaka hakulipwa mrabaha, lakini tunamtaja hadi leo. Kijuma alilipwa, na jina akabaki nalo. Huyu wetu amelipwa, akafutika.

Sheria inasemaje? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Inampa pia haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi hata akishauza haki ya kuchuma fedha. Lakini ina kifungu ambacho waandishi wengi wa kujitegemea hawajakisoma: kazi iliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama kuna makubaliano baina yao yanayosema vingine. Soma tena polepole. Ukiagizwa uandike, ukalipwa, na mkawa hamkuandikiana lolote, mali si yako. Kunyamaza kwako kumekuuzia. Kwa upande mwingine, kazi uliyoibuni mwenyewe bila kuagizwa haihamishwi kwa maneno ya simu. Sheria yataka maandishi yenye saini yako. Katika hali zote mbili anayeamua ni yule mdogo tuliyeanza naye: kikaratasi.

Na kuna somo kutoka ng'ambo ya pili ya kisiwa, Kilindini. Vibarua wa bandari waliajiriwa kwa siku, leo yupo kesho hayupo, na kila mmoja alipodai peke yake alijibiwa kwamba nje wako wengine. Januari 1947 waliungana na wafanyakazi wengine wa mji, wakagoma, na Mombasa ikasimama. Baada yake mishahara ikapitiwa upya, na katika miaka ya 1950 kazi za bandari zikaanza kuwekewa usajili badala ya kuokotana langoni kila asubuhi. Watu wale, wengi wao hawakujua kusoma, walifahamu ambacho sisi wenye shahada bado tunakisitasitia: bei ya mtu mmoja hupangwa na mnunuzi.

Kwa hivyo sitamshauri kijana aache kibarua cha kalamu. Ale, alipe kodi, amtunze mama yake. Namshauri mambo matatu yaliyojaribiwa hapa kwetu. Awe na patasi ya pili kama Kijuma, wala asiione kuwa aibu. Kabla ya kuandika neno la kwanza, aandikiane na mteja, japo kwa baruapepe ya mistari mitano: kazi ni ipi, malipo ni kiasi gani na lini, hakimiliki ni ya nani, jina litawekwa au halitawekwa. Akiwa na wenzake watano wanaoandika kazi za aina moja, wakubaliane bei ambayo hakuna atakayeshuka chini yake.

Na kila mwezi, hata ikiwa ni ukurasa mmoja, aandike kitu ambacho hakuagizwa na mtu, kwa Kiswahili chake cha Mvita, na aweke jina na tarehe. Mwana Kupona alifanya hivyo mwaka 1858, naye alikuwa akimwandikia mtoto wake tu.